Pembe za Kuazima

Tuanze na Ghislain, maana bila mdomo wake hadithi hii ingekuwa fupi. Huyu ni kifungua mimba wa marehemu Papa Polycarpe: mtu wa miraba minne, dereva wa lori, bingwa wa kuahidi mambo yatakayotekelezwa na wengine. Mwezi wa tisa wa mwaka 2009 aliingia nyumbani kwa mama yao, Schaerbeek, mtaa wa Brussels, na boksi la kadi za mwaliko wa kumaliza kilio cha baba, nafasi ya tarehe imeachwa tupu. Mdogo wake Sidonie alisoma maneno akayakuta sawa. Kisha akaiona picha. Juu ya jina la marehemu, mahali ambapo watu wengine huweka msalaba au njiwa, Ghislain alikuwa ameweka kichwa cha kulungu dume wa Ulaya, pembe zimechanua matawi kumi na mawili.

"Ghislain, hii ni nini?"

"Njo nyama yako," alisema Ghislain kwa Kiswahili cha kwao Katanga, yaani ndiye mnyama wako. "Nilimutafuta ku Internet. Muzuri, hein?"

"Yangu? Miye sijaua hata panya!"

"Bon, utaua. Mwezi ya kumi unaenda kuwinda ao hauende? Kadi zingine nimeshagawa. Kule Porte de Namur bantu ya kwetu bote banangojea ile pembe."

Hasira ilimpanda Sidonie mpaka masikio yakawa moto. Lakini kadi zilizokwisha kugawiwa ni maji yaliyomwagika, hayazoleki. Alichukua moja, akaitia mkobani, akaondoka bila kuaga.

Sasa msomaji atauliza, kilio na kulungu vinahusiana nini? Vinahusiana. Katika ukoo wa Papa Polycarpe, kule Katanga, kilio cha mwindaji hakimalizwi kwa kuku wa kununua. Mtoto wake wa kumzaa lazima alete mnyama aliyemuua kwa mshale, na mjane aile ile nyama. Mpaka siku hiyo mjane havui nguo nyeusi, haimbi, hachezi, hakai mbele za watu kwenye furaha. Na uta wa marehemu unabaki umefungwa kitambaa cheusi, mjane na uta wakingoja pamoja. Papa Polycarpe alikuwa amezikwa Brussels mwaka mmoja na mwezi mmoja uliopita, na Maman Émérance, sauti ya kwanza ya kwaya yao kwa miaka kumi na minne, tangu hapo alikuwa anakaa benchi la mwisho kanisani na mdomo umefungwa. Hata arusi ya mjukuu wake aliitazama kutoka mlangoni.

Ghislain alijaribu kwanza, tumpe haki yake. Alikwenda klabu ya watu wa uta pale Schaerbeek, akavuta, akaachia, na mshale wake wa tatu ukachoma paa la choo. Walimshukuru, wakamwomba asirudi. Ikabaki kwa Sidonie, ambaye alikuwa analenga shabaha katika klabu hiyohiyo kila Alhamisi kwa miaka sita, akitoka kazini kwake Koekelberg katika nyumba ya kutunzia wazee. Alianza kwa sababu kule Kolwezi, akiwa na miaka tisa, baba yake alimpa uta mdogo akamfundisha mambo mawili tu. La kwanza, usipige zaidi ya hatua ishirini. La pili, usipige mnyama anayekutazama. Ngoja akupe ubavu. Walipompigia simu tonton Mwenze, mdogo wa marehemu aliyebaki Kolwezi, kumuuliza kama mwanamke anaruhusiwa, mzee alicheka akasema desturi inasema mutoto, na Sidonie si jiwe.

Ubelgiji hawaruhusu kuwinda kwa mshale. Ufaransa wanaruhusu. Kwa hiyo Florent, dereva wa tramu aliyestaafu, Mbelgiji mkimya wa klabu yao, alimshika Sidonie mkono mwaka mzima: mtihani, mafunzo, karatasi, mpaka akapata nafasi katika msitu mmoja wa Ardennes, upande wa pili wa mpaka. Nafasi yenyewe ilikuwa ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Alipewa bangili moja ya plastiki ya kufunga mguuni mwa mnyama, bangili ya dume, awe mkubwa au mdogo. Ukishaifunga, msimu wako umekwisha.

Ijumaa kabla ya safari alikwenda kumuaga mama. Maman Émérance alikuwa ameketi chini ya picha ile ambayo familia nzima iliijua kama sala: Papa Polycarpe kijana, amepiga goti, ameshika kwa mikono miwili pembe za palahala, yule swala mkubwa mweusi, zile ndefu zinazopinda kuelekea mgongoni. Kando ya picha ulitundikwa uta wenye kitambaa cheusi. Sidonie alitarajia kusikia neno la mama yeyote: nenda salama, leta chochote Mungu atakachotoa.

"Maman, na kama nikipata kadogo?"

"Kadogo, uache kapite."

"Na mukubwa asipokuya?"

"Nitangoja." Mama alinyoosha miguu yake iliyovimba, akaitazama kama miguu ya mtu mwingine. "Miye siko na haraka. Nilivaa hii nguo juu ya muwindaji wa palahala. Sitaivua juu ya kambuzi. Unasikia, Sido? Lete pembe ya kweli."

"Ghislain njo alikuambia useme vile?"

"Ghislain ni nani ya kuniambia? Ni miye minasema."

Sidonie alishuka ngazi akiwa amekasirika na amefurahi kwa wakati mmoja. Alikasirika kwa sababu mzigo uliongezeka. Alifurahi kwa sababu, tuseme kweli, hata yeye alimtaka yule mwenye matawi kumi na mawili. Alitaka aingie ukumbini na pembe zinazogonga fremu ya mlango, ili wale waliouliza mwanamke anatafuta nini msituni wapate jibu lao. Kwenye tramu aliapa moyoni. Mkubwa au hapana.

Jumamosi asubuhi ilinyesha, akarudi na maji viatuni. Jioni alipanda tena kwenye kiti cha mbao alichofungiwa juu ya mwaloni, mita nne kutoka ardhini, akakaa saa mbili bila kukuna pua. Dume kijana akatokea kwenye majani, wa mwaka mmoja na nusu hivi, pembe zake vijiti viwili vilivyonyooka, urefu wa kiganja. Alipita hatua kumi na tano kutoka kwenye mti, ubavu wote wazi, akila kama yuko kwao. Sidonie hakugusa hata mshale. Alimwangalia akipita, akajisikia mtu mwenye msimamo.

"Umemwacha?" aliuliza Florent usiku ule, wakila supu.

"Nimemwacha."

"Vizuri," alisema Florent, kisha akaongeza, maana alikuwa mtu wa haki, "au vibaya. Tutajua kesho."

Kesho yake alfajiri mkubwa alikuja. Kwanza ilikuja sauti, maana mwezi wa kumi madume wanatafuta majike na kunguruma, sauti ya ng'ombe aliyekabwa. Halafu ukungu ukafunguka na pembe zikatoka kabla ya kichwa. Sidonie alihisi moyo unampiga mpaka kwenye meno. Aliweka mshale, akasimama taratibu, akavuta. Kulungu alisimama hatua arobaini, akageuza kifua, akamtazama palepale juu ya mti.

Hatua arobaini ni mara mbili ya ishirini. Na macho yale yalikuwa yanamtazama. Mgongo ulimuuma, na kila kitu ndani yake kilisema achia, achia, utampata. Baba yake, marehemu, hakusema kitu. Alikuwa amekwisha kusema zamani. Sidonie alirudisha upote polepole mpaka uta ukalegea. Kulungu alipuliza pua, akaingia zake msituni bila haraka yoyote.

Mchana simu ililia.

"Alors?" Ilikuwa sauti ya Ghislain.

"Nimemuona."

"Matawi ngapi?"

"Sikuhesabu, Ghislain. Eko mukubwa. Alikuwa mbali."

"Mbali ni nini? Si mushale unaruka? Écoute, Sido, usirudi na kadogo, eh. Bantu batatucheka mpaka Kolwezi. Uso nitaweka wapi?"

"Weka ku lori," alisema Sidonie, akakata simu.

Florent naye alikuwa na neno, na neno lake lilikuwa zito kuliko la Ghislain kwa sababu lilikuwa la busara. Alisema yule dume hahami wakati huu wa mwaka. Alisema akishindwa leo, atamwombea nafasi nyingine mwezi wa kumi na moja, au wa kwanza, hata mwakani. Bangili itangoja. "Hujashindwa," alisema. "Umechelewa tu kushinda." Na waswahili si wanasema subira huvuta heri? Wanasema. Lakini waswahili haohao wanasema mtaka yote hukosa yote. Methali zetu ni kama mashemeji: kila mmoja ana maneno yake, na wewe ndiye utakayelala na uamuzi.

Jumapili jioni alipanda mtini kwa mara ya mwisho. Upepo ulikuwa mzuri, unamjia usoni. Saa moja ya mwanga ilikuwa imebaki, ikawa nusu, na ndipo mambo mawili yakatokea karibu pamoja. Nyuma ya kilima mkubwa akanguruma. Akanguruma tena, karibu zaidi. Alikuwa anakuja, hilo halikuwa na ubishi. Na kutoka kushoto, bila sauti, yule kijana wa vijiti viwili akaingia uwanjani, akasimama hatua kumi na mbili kutoka kwenye mwaloni, akageuza ubavu.

Ngoja, Sidonie alijiambia. Mkubwa yuko njiani. Ukimpiga huyu, bangili imekwisha. Ukingoja robo saa, utarudi na kile walichokiagiza, na mama mwenyewe amesema atangoja, hana haraka.

Hana haraka. Maneno hayo aliyajua kuliko mtu yeyote. Miaka kumi na moja alikuwa anawaogesha wazee wa watu kule Koekelberg. Alijua sauti wanayoitumia wakisema hawana haraka. Monsieur mmoja wa chumba cha mwisho alisema hivyo kuhusu mwanawe aliyekuwa aje kumtazama wakati wa Pasaka. Mwana alikuja, mzee alikuwa amekwisha kufariki wiki tatu kabla. Alifikiri juu ya miguu ya mama. Alifikiri juu ya benchi la mwisho. Mwezi wa kumi na moja, wa kwanza, mwakani: maneno mepesi katika mdomo wa Florent, kwa sababu si mama yake aliyefunga mdomo.

Na pembe zile, alijiuliza kwa mara ya kwanza tangu siku ya kadi, ni za nani hasa? Mama anaziagiza, Ghislain amezichapisha, na mimi nazitaka ili watu fulani wanyamaze. Desturi haisemi pembe. Desturi inasema nyama, mshale na mtoto.

Mkubwa alinguruma, sasa kwenye miti ya mbele, na kijana akainua kichwa kutaka kukimbia. Sidonie alikuwa amekwisha kusimama. Alikuwa na uhakika ambao hakuwa nao siku zote mbili, uhakika mtulivu, kama wa mtu anayefunga mlango wa nyumba yake mwenyewe. Alivuta, akatazama unywele mmoja nyuma ya bega, akaachia.

Mshale uliingia na kutoka. Kulungu aliruka, akakimbia hatua hamsini, akayumba, akaanguka kwenye majani makavu. Alikuwa amekufa kabla Sidonie hajamaliza kutoa pumzi.

Florent alikuwa amemfundisha kwamba ukishapiga, unakaa nusu saa bila kushuka, hata kama umemwona ameanguka. Akakaa, machozi yanamtoka bila kuombwa. Na wakati amekaa hivyo, shetani wa mzaha akafanya kazi yake: mkubwa akatoka kwenye miti, akavuka uwanja, akaja mpaka chini ya mwaloni. Hatua nane. Alisimama ubavu kabisa, akakuna shingo kwenye gome, na Sidonie aliweza kuhesabu matawi. Yalikuwa kumi na manne, si kumi na mawili. Mshale wa pili ulikuwa podoni. Bangili ya pili haikuwapo.

Aliweka viganja juu ya magoti akamtazama mpaka alipoondoka. Iliuma, nisiwadanganye. Iliuma kama kuona basi lako linapita na wewe umeshapanda jingine.

Florent alipofika na tochi, alitazama nyayo kubwa chini ya mti.

"Alikuja?"

"Alikuja."

"Ukafanya nini?"

"Nilimsalimia."

Florent alicheka kidogo, akakata kijitawi cha mwaloni akakiweka mdomoni mwa mnyama, tonge la mwisho, kama wanavyofanya wawindaji wa kwao. Sidonie alifunga bangili mguuni.

Walirudi Brussels Jumatatu asubuhi. Nyama ilibaki kwenye baridi kwa Florent, ya kutosha watu wote wa kadi na majirani zao. Lakini mjane lazima aone kichwa na aletewe ini, kwa hiyo Sidonie alipanda ngazi za Schaerbeek na beseni lililofunikwa taulo. Ghislain alikuwa amefika kabla yake. Alifunua taulo yeye mwenyewe, maana subira hakuzaliwa nayo.

"Sido." Aligusa kijiti kimoja kwa kidole. "Hii ni nini? Antenne ya radio?"

"Ni pembe."

"Na kadi? Kadi zangu? Bantu batasema nini?"

"Batasema aksanti, bakishakula." Sidonie hakumtazama. Alikuwa anamtazama mama. "Maman, mukubwa nilimuona. Asubuhi alikuwa mbali, nikamuacha. Jioni nikapiga huyu, kisha mukubwa akakuya mpaka chini ya muti yangu. Miye njo nilichagua. Ukikatala, ni haki yako. Lakini sitaenda tena. Nyama ya mushale iko hapa."

Maman Émérance aliliinamia beseni. Halafu akanyoosha mkono.

"Ghislain. Shusha ile photo."

"Photo ya papa?"

"Iko ingine? Shusha. Geuza nyuma. Soma."

Ghislain aligeuza. Nyuma ya fremu, juu ya karatasi iliyopauka, palikuwa na muhuri wa studio moja ya picha ya Kolwezi, na chini yake mtu ameandika kwa kalamu: *na pembe, na kofia*. Alisoma mara mbili, na mara ya pili sauti yake ilikuwa ndogo.

"Zilikuwa za fotografe," alisema mama. "Pembe na kofia. Kila muntu alipiga nazo photo. Hata catéchiste. Baba yenu hakuua palahala hata siku moja."

Miaka yote ile. Hadithi zote zile mbele ya wageni.

"Lakini yee mwenyewe alikuwa anasema..." alianza Ghislain.

"Hakusema. Bantu banasema, yee ananyamaza. Aliniambia, Émérance, siku moja nitapata ya kweli, tutabadilisha photo. Hakuipata. Njo maana nilitaka mutoto wake aipate, ile photo isiwe tena ya bongo, isidanganye tena bantu." Mama alifuta jicho kwa upande wa mkono. "Mubaya ni miye. Nilikutuma uende kulipa bongo ya baba yako."

"Donc aliua nini?" aliuliza Sidonie.

"Kabuluku." Ni kaswala kadogo, kimo cha mbwa, pembe zake zinajificha kwenye nywele. "Kabuluku tu, siku zote. Alikuya kwa baba yangu kuniomba, na kabuluku ku bega. Aliwalisha ninyi wote na kabuluku. Haikuwa siku hata moja alirudia mikono mitupu, juu hakuacha kadogo kapite."

Sidonie alicheka. Kilianza kama kikohozi, kikawa kicheko, na mama naye akashikwa, na mwisho hata Ghislain, amesimama na baba yake mkononi, mabega yakamtikisika.

"Na kadi, maman?" alisema, akijifuta machozi. "Niambie bantu nini?"

"Waambie ni pembe za kuazima. Ni desturi ya nyumba hii. Baba na mutoto, bote moja."

Akasimama, akachukua ini mwenyewe, akalikata na kitunguu na pilipili, na nyumba ikajaa harufu. Alikula akiwa amesimama karibu na jiko, polepole, vipande vitatu. Alifuta midomo. Kisha akamgeuzia Sidonie mgongo, mahali ambapo kitambaa cheusi cha kichwa kilikuwa kimefungwa.

"Na kabuluku alinioa," alisema. "Na kabuluku nitavua hii nguo. Fungua."

Fundo lilikuwa limekaza kwa mwaka na miezi. Sidonie alilichokoa kwa kucha, na ilimchukua muda. Kabla hajamaliza, mama yake alikuwa ameshaanza kuimba.